Kadi ya Charizard: Si Uchawi, ni Hesabu



Mwezi huu tunajibu swali ambalo wengi mmetuuliza: zile kadi za picha ambazo watoto wanashinda nazo chini ya miti ni za nini? Wengine wanasema ni kamari, wengine eti ni uchawi. Sisi walimu wa kujitolea tulikaa na watoto tukacheza nao. Tuwaeleze kwa kadi moja tu, ile wanayoigombania kuliko zote: Charizard.

Mchezo wenyewe unaitwa Pokémon. Kadi zake zilianza kutoka Japani mwaka 1996, na Charizard alikuwemo tangu mwanzo. Huko kwao anaitwa Lizardon. Ni kama mjusi mkubwa mwenye mabawa, anatema moto. Picha yake ya kwanza kwenye kadi ilichorwa na Mitsuhiro Arita.

Katika kadi ile ya zamani Charizard ana uhai 120, na pigo lake linaondoa 100. Ndiyo maana kila mtoto anamtaka. Lakini haingii mchezoni hivi hivi. Unaanza na Charmander mdogo, anakua anakuwa Charmeleon, ndipo anakuwa Charizard. Ili apige anahitaji kadi nne za nguvu, na kwa kawaida unaweka moja tu kila zamu. Akishapiga, mbili zinatupwa. Basi inabidi angoje tena.

Tena ana adui: maji. Pigo la maji kwake linazidishwa mara mbili. Blastoise, kobe wa maji, akiwa na kadi tano za nguvu za maji anapiga 60. Mara mbili ni 120. Charizard chali! Kumbe mtoto anayejua hesabu anaweza kumshinda mwenye kadi ya kuringia.

Kwa hiyo uchawi hapo hakuna. Tatizo lipo kwenye kubadilishana. Tumesikia mtoto ametoa sabuni ya nyumbani, mwingine unga wa mgao, ili apate Charizard. Vijana wakubwa wanawadanganya eti ni mali ya dola nyingi. Ni kweli, mwaka 2022 Charizard mmoja wa toleo la kwanza la Kiingereza, la mwaka 1999, aliuzwa Marekani zaidi ya dola 400,000. Lakini kadi ile ilitunzwa bila mkwaruzo na kukaguliwa na wataalamu. Hizi za watoto wetu zimekunjika, pembe zimelika, na za bandia ni nyingi.

Tunawaomba wazazi mambo matatu:

1. Chakula na sabuni visibadilishwe kwa kadi.
2. Mchezo ukiisha, kila kadi irudi kwa mwenyewe. Kushindania kadi ndiyo kamari.
3. Kaeni nao, waulizeni: umebakiwa na uhai ngapi?

Asiye na kadi asilie. Akate katoni, achore mwenyewe, aandike namba. Charizard wa penseli naye anapiga 100 vilevile.