Safari ya mume na mke hadi Songea: Maji ndiyo afya ya msafiri

Shule zinapofungwa mwezi Juni na Desemba, familia nyingi hufunga safari kwenda kuwaona wazazi na ndugu walioko mikoani. Kuunga udugu ni jambo lenye uzito mkubwa katika dini yetu, na safari ya mume na mke pamoja ni nafasi ya kupumzika na kuona nchi. Hata hivyo, wako wanaoondoka wazima wakarudi wagonjwa.

Leo tuichukue kama mfano safari ya mume na mke wanaotoka Dar es Salaam kwenda Mfaranyaki, mjini Songea, kuwaona wakwe. Njia yao ni ya Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe, na ina zaidi ya kilomita 900. Katika maandalizi watafikiria nauli au mafuta ya gari, zawadi na nguo. Maji watayafikiria mwisho, au wasiyafikirie kabisa. Lakini magonjwa mengi ya msafiri hutokana na maji: maji ambayo hakuyanywa, maji machafu aliyoyanywa, maji ambayo hakunawia mikono, na maji aliyoingia kuogelea bila kujua kilichomo.

KUJINYIMA MAJI NJIANI

Wanawake wengi wanaposafiri huacha kunywa maji tangu usiku wa kuamkia safari. Sababu inajulikana. Gari litasimama porini, kondakta atatangaza "kuchimba dawa", wanaume watageukia upande mmoja na wanawake watatafuta kichaka upande wa pili. Mwanamke mwenye stara huona heri akae na kiu siku nzima kuliko fedheha hiyo.

Kwa afya yake jambo hili lina gharama. Mtu asipokunywa maji mkojo huwa mzito na mchache, na ukibanwa kwa saa nyingi, vijidudu vilivyoingia kwenye kibofu hupata nafasi ya kuzaliana. Mrija wa mkojo wa mwanamke ni mfupi kuliko wa mwanamume, kwa hiyo yeye ndiye huathirika zaidi. Siku moja au mbili baadaye huanza maumivu wakati wa kukojoa, haja ya mara kwa mara na maumivu chini ya kitovu. Huo ndio ugonjwa ambao wengi wanaujua kwa jina la UTI. Ukiachwa bila tiba unaweza kupanda hadi kwenye figo, na kwa mjamzito unaweza kusababisha uchungu kabla ya wakati.

Dawa yake ni mipango, na mipango hii ni jukumu la mume pia. Kama wanatumia gari lao, mume asisubiri kuombwa asimame. Apange tangu nyumbani kwamba watapumzika Morogoro, Ruaha Mbuyuni, Iringa, Makambako na Njombe, mahali penye choo na maji. Kama wanapanda basi kwenye kituo cha Magufuli kule Mbezi, aulize mapema basi hilo husimama wapi. Mke akishajua kwamba choo kipo mbele, atakunywa maji kidogo kidogo bila hofu.

Mkononi wawe na chupa ya maji ya kunywa, chupa nyingine au kopo la kutawadhia, kipande cha sabuni na kitambaa safi. Rukhsa ya msafiri kukusanya adhuhuri na alasiri nayo inasaidia: kituo kimoja kinatosha kwa choo, Sala, chakula na kunyoosha miguu. Na ikiwa maji yaliyopo yanatosha kunywa tu, sheria imeruhusu kutayamamu. Haitakiwi mtu abaki na kiu kwa ajili ya udhu.

Kunyoosha miguu si anasa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kukaa safarini bila kujongea kwa saa nne au zaidi huongeza takriban maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya ndani ya miguu. Hatari hiyo huwa kubwa zaidi kwa wajawazito, wanene na waliofanyiwa upasuaji karibuni. Ukiwa umekaa, chezesha vifundo vya miguu, na kila gari linaposimama shuka utembee.

Wako pia wagonjwa wa presha ambao huacha vidonge siku ya safari kwa sababu vinawakojoza. Hili ni kosa la hatari. Kama dawa inakusumbua, muulize daktari kabla ya safari saa nzuri ya kuimeza, usiiache kwa uamuzi wako. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la gari. Mwenye kisukari anayetumia insulini asiiweke mahali penye jua au joto la injini.

CHAKULA NA VINYWAJI

Kanuni ya msafiri ni nyepesi: kula kilicho moto, kilichoiva sasa hivi, au kile unachokimenya mwenyewe. Ndizi, chungwa na yai la kuchemsha lenye ganda ni salama zaidi kuliko wali uliopikwa asubuhi ukakaa hadi alasiri. Tatizo la mishkaki mara nyingi ni kachumbari inayowekwa pembeni, kwa kuwa ni mbichi na hujui imeoshwa kwa maji gani. Nawa mikono kwa sabuni, na nawa kwa maji yanayotiririka. Ukinunua chupa ya maji, hakikisha kizibo chake hakijafunguliwa.

Kwa Muislamu kuna la ziada la kuuliza. Katika vibanda vinavyouza kitimoto, uliza kama mafuta, kisu na ubao ni hivyo hivyo vinavyotumika kwa nyama nyingine. Kuuliza si ufidhuli. Aidha, mikoa ya Iringa na Njombe kuna kinywaji kinachoitwa ulanzi, ambacho ni utomvu wa mianzi. Ukigemwa tu huwa mtamu kama juisi, lakini huanza kuchacha haraka na kulewesha. Mgeni anaweza kuuziwa akidhani ni juisi ya kawaida.

Kuharisha kukitokea, anza mara moja kurudisha maji mwilini. Kama huna pakiti za ORS, chukua lita moja ya maji safi, weka vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vipimo viwe vya kusawazisha, visirundikwe. Koroga, unywe kidogo kidogo. Ukiona damu kwenye choo, homa kali au mkojo umekatika, nenda hospitali.

KUONA NCHI

Barabara hii inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kiasi cha kilomita 50, na mara nyingi swala, nyati, twiga na hata tembo huonekana pasipo kushuka. Usishuke, na usiwarushie nyani chakula. Nyani aliyezoea kulishwa hufuata magari, akagongwa au akauma watu.

Mbele ni mlima Kitonga wenye kona kali, ambako wengi hutapika. Anayesumbuliwa akae mbele, atazame mbali barabarani badala ya simu, na asiwe amekula chakula kizito chenye mafuta. Wakipata siku ya kulala Iringa, wanaweza kwenda Isimila kuona zana za mawe za watu wa kale, au Kalenga lilipo fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954.

Kutoka Makambako kwenda Njombe baridi huongezeka, hasa Juni na Julai. Masweta yawe karibu. Wakati wa baridi mtu hasikii kiu, lakini mwili bado unahitaji maji.

NYUMBANI KWA WAKWE

Mfaranyaki watapokewa kwa furaha, na hapa ndipo tahadhari huwa ngumu kwa sababu ya heya. Mgeni ataletewa maji ya kunywa akaona haya kuuliza kama yamechemshwa. Njia ya adabu ipo. Mke akishasalimiana na mama mkwe na mawifi, aingie jikoni kusaidia, na asubuhi yeye mwenyewe abandike sufuria la maji ya kunywa ya siku nzima. Yachemke sawasawa, yapoe yakiwa yamefunikwa, na yachotwe kwa kikombe chenye mkono. Vidonge vya kutibu maji ni zawadi nzuri ya kupeleka nyumbani, sawa na sukari na khanga.

Wakati wa kula, kunawa watu wote ndani ya bakuli moja la maji ni kugawana uchafu. Kijana amiminie wageni maji kwa jagi, na sabuni iwepo. Huenda wakakaribishwa togwa, inayotengenezwa kwa unga wa mahindi na kimea cha ulezi. Ni kinywaji chenye lishe, na uchachu wake huzuia vijidudu vingi kuzaliana, ila ikizimuliwa kwa maji mabichi faida hiyo hupungua. Iliyokaa siku nyingi ikachacha sana iachwe, kwani huanza kulewesha.

Usiku waulize chandarua bila kuona haya. Mara nyingi wenyeji humpa mgeni chandarua chao wakabaki wao na watoto wakiumwa na mbu. Beba cha kwako chenye dawa.

MAHENGE, MATOGORO NA ZIWA NYASA

Ndani ya mji huo huo, eneo la Mahenge, yapo Makumbusho ya Majimaji. Hapo panakumbukwa viongozi wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Vita hivyo, vilivyoanza mwaka 1905, vilipata jina kutokana na maji ya dawa ya Kinjekitile Ngwale, ambayo wapiganaji waliambiwa yangewakinga na risasi. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Msafiri anayetoka hapo atajua kwamba ujasiri wa wazee wetu haukuwa na shaka, lakini kinga ya kweli haina budi kujulikana inavyofanya kazi.

Jirani na mji kuna milima ya Matogoro, chanzo cha mto Ruvuma unaotiririka hadi Bahari ya Hindi. Mtume (s.a.w.) alikataza kujisaidia kwenye njia ya watu, kwenye kivuli wanachopumzikia na kwenye vyanzo vya maji, na alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Tukienda kutembea tukumbuke hilo.

Na ubora wa mafundisho hayo unaonekana zaidi Ziwa Nyasa. Wasafiri wengi wakifika Songea hupitia Mbinga hadi Mbamba Bay kula samaki na kuona ufukwe. Samaki waliwe. Kuogelea ndiko kunahitaji tahadhari, kwa kuwa ziwa hili linajulikana kuwa na kichocho, hasa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani na konokono. Mayai ya kichocho huingia majini kwa mkojo au kinyesi cha mgonjwa, vimelea hukua ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya anayeingia majini.

Dalili za kichocho cha mkojo, kama vile damu kwenye mkojo, zinaweza kuchelewa kwa wiki au miezi. Kwa mwanamke kinaweza kushambulia njia ya uzazi, akapata maumivu, uchafu au damu wakati wa tendo la ndoa, na hata ugumba. Dalili hizo hufanana na za magonjwa ya zinaa. Ndoa inaweza kuingia shaka na tuhuma ambazo hazina msingi, kumbe mdudu ametoka ziwani. Kwa hiyo mume na mke walioingia majini wapime wote wawili baada ya wiki sita hadi nane, na wamwambie daktari kwamba walikwenda Ziwa Nyasa. Tiba ipo, ni vidonge vya prazikwanteli.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Basi mwenye mafua makali, kikohozi cha wiki mbili au macho mekundu atibiwe kwanza kabla ya kwenda kuwakumbatia wazee na watoto. Akienda mzima, akayatunza maji yake na ya wenyeji wake, ziara yake itakuwa heri kwa nyumba zote mbili, inshaallah.