Kuandika ni Kufikiri: Nafasi ya Kalamu katika Kuzalisha na Kunyoosha Hoja

Utangulizi

Mwanafunzi wa uzamili akiulizwa tasnifu yake imefika wapi, aghalabu hujibu kuwa angali anasoma. Ataanza kuandika mawazo yatakapokomaa. Huendelea kukusanya vitabu, kunakili dondoo na kutoa nakala za makala, na muhula hufuata muhula. Msimamizi anapodai sura ya kwanza, mwanafunzi huyu huomba muda zaidi. Wapo wanaoishia hapo: masomo ya darasani wameyakamilisha, mitihani wameipita, lakini tasnifu haikuandikwa na shahada haikupatikana. Hawa si wavivu wala si wajinga. Wameshikilia tu imani kwamba fikra hupikwa kichwani hadi zikaiva, kisha kalamu ikaja kupakua.

Makala haya yanadhamiria kubainisha kuwa imani hiyo ina kasoro. Kuandika si kupakua kilichokwisha kuiva. Ni sehemu ya mapishi yenyewe. Ili kulifafanua jambo hili, makala yanaeleza kwanza ni kwa nini fikra huhitaji maandishi. Kisha yanalihusisha suala hilo na jadi ya kujibizana katika ushairi wa Kiswahili, na hatimaye yanatoa mfano pamoja na mapendekezo kwa wanafunzi na wahadhiri.

Kwa Nini Fikra Huhitaji Maandishi

Sababu ya kwanza ni udogo wa kumbukumbu. Mwaka 1956, mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, alichapisha makala mashuhuri ambamo alieleza kuwa kumbukumbu ya muda mfupi humudu takriban vipashio saba kwa wakati mmoja. Hoja ya kitaaluma huwa na mengi kuliko hayo: dai, ushahidi wake, mipaka yake, pingamizi zinazoweza kutolewa na majibu ya pingamizi hizo. Anayejaribu kuyashika yote kichwani hulazimika kuliachilia moja ili alishike jingine. Karatasi humtua mzigo huo. Dai likishaandikwa, akili hupata nafasi ya kulichunguza badala ya kushughulika na kulikumbuka.

Sababu ya pili inahusu umbo la lugha ambayo mtu hutumia kujisemea. Lev Vygotsky, katika kitabu chake kuhusu fikra na lugha kilichochapishwa mwaka 1934, alieleza kuwa usemi wa ndani ni usemi wa mkato. Mtu anapojisemea hana haja ya kutaja kiima, kwa kuwa anajua anachokizungumzia. Neno moja hubeba maana tele. Maandishi ni kinyume cha hayo. Msomaji hayupo, hauoni uso wa msemaji wala hasikii kiimbo chake, hivyo kila kitu hakina budi kutajwa kwa ukamilifu. Ndiyo maana wazo linalong'aa kichwani huonekana kuchujuka linapofika karatasini. Mwanafunzi hudhani kalamu imelipotosha wazo lake, ilhali kalamu imefichua tu kwamba wazo lilikuwa nusu. Pale ambapo kichwani palikuwa na hakika, karatasini panatakiwa neno 'kwa sababu', na baada ya neno hilo mwandishi hajui aandike nini. Pengo hilo ndilo linalomwonyesha mahali pa kufikiri.

Wataalamu wa uandishi wamelisisitiza jambo hili. Janet Emig, mwaka 1977, alitetea rai kwamba kuandika ni njia ya kujifunza iliyo ya kipekee, wala si njia ya kuonyesha tu yale ambayo mtu amekwisha kujifunza. Linda Flower na John Hayes, mwaka 1981, walionyesha kuwa kupanga, kuandika na kupitia ni shughuli zinazoingiliana; mwandishi hubuni malengo mapya akiwa katikati ya kuandika. Nao Carl Bereiter na Marlene Scardamalia, mwaka 1987, walitofautisha aina mbili za uandishi: ule wa kusimulia maarifa, ambapo mwandishi huyamimina anayoyajua kama yalivyo, na ule wa kuyageuza maarifa, ambapo tatizo la kusema humrudisha kwenye tatizo la kufikiri. Tasnifu haina budi kuwa ya aina hii ya pili.

Jadi ya Kujibizana

Haya yote hayamaanishi kuwa asiyeandika hafikiri. Kauli ya namna hiyo ingekanushwa na historia ya fasihi ya Kiswahili yenyewe. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya mwaka 1776 na 1840, alitunga mashairi ambayo mengi yalihifadhiwa katika vinywa vya watu kwa miongo kadhaa kabla ya kukusanywa na kuandikwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor. Hata hivyo, ni muhimu kuzingatia mazingira ya utunzi huo. Mshairi hakuwa peke yake. Katika mivutano ya Mombasa na Lamu, shairi lilijibiwa kwa shairi, fumbo likafumbuliwa kwa fumbo jingine. Aliyetoa kauli legelege alijua kuwa kuna mtu upande wa pili anayeingojea. Ukali wa hoja ulitokana na mpinzani.

Mwanafunzi aliyejifungia maktabani hana mpinzani wa namna hiyo. Maandishi ndiyo yanayomletea. Sentensi ikishatoka kichwani na kukaa karatasini huwa kama kauli ya mtu mwingine: huweza kusomwa, kutiliwa shaka na kujibiwa. Kuandika, kwa maana hii, ni kujibizana na nafsi.

Mfano ulio wazi ni Abdilatif Abdalla. Alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake wa kisiasa, Kenya: Twendapi?, akatumikia kifungo cha miaka mitatu, sehemu kubwa akiwa ametengwa na wafungwa wengine. Aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Miongoni mwa mashairi hayo limo 'Mnazi: Vuta N'kuvute', ambalo ni majibizano ya ndugu wawili wanaogombea mnazi. Mtu ambaye hakuwa na wa kusema naye aliziumba sauti mbili, akazipa kila moja hoja zake, akaziacha zishindane. Hapakuwa na hadhira ya kujibu. Palikuwa na karatasi.

Mfano wa Sentensi Moja

Ili kuona jinsi kujibizana huku kunavyozalisha fikra, na tuchukulie mwanafunzi anayetaka kuuchunguza Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Anaanza kwa kuandika: 'Utenzi huu unamdhalilisha mwanamke kwa kumtaka amtii mumewe.' Kichwani sentensi hii ilitosha. Karatasini inazua maswali. Nani anayemtaka mwanamke atii? Si mume wala si kadhi. Ni mwanamke, tena mama mwenye kuugua anayemwachia bintiye wasia. Sentensi inabadilika: 'Katika utenzi huu mwanamke anamfunza mwanamke mwenzake utiifu.'

Hii nayo inajibiwa. Mwanzoni mwa utenzi, mama anamwita bintiye asogee karibu akiwa na wino na karatasi. Kwa hiyo msemaji ni mtu mwenye elimu na mwenye mamlaka ya kufundisha, na binti ni mtu anayetarajiwa kuandika. Je, utiifu unaofunzwa na mtu wa aina hiyo ni lengo, au ni mbinu ya kuishi kwa usalama katika jamii ambayo binti hakuichagua? Na mafunzo yanayohusu dini na watu wengine wasiokuwa mume yanaingia wapi?

Mwanafunzi sasa ana swali la utafiti. Dakika ishirini zilizopita hakuwa nalo. Wahakiki wengi wamelijadili suala hili kabla yake, lakini sasa anajua atakwenda kuwasoma kwa ajili gani. Hapa ndipo kasoro ya kauli ya 'kwanza nimalize kusoma' inapojidhihirisha. Kusoma hakuna mwisho kwa mtu asiyejua anachokitafuta, na kinachotafutwa hujulikana kwa kuandika.

Mapendekezo

Kwanza, mwanafunzi na aandike mapema na mara kwa mara. Peter Elbow, mwaka 1973, alipendekeza zoezi la kuandika mfululizo kwa muda mfupi, mathalani dakika kumi, bila kusita wala kusahihisha. Yatakayopatikana hayatakuwa tasnifu, bali yatakuwa malighafi yake. Kazi ya kusahihisha ina wakati wake. Ikitangulizwa huziua fikra kabla hazijazaliwa.

Pili, kila anapomaliza sura ya kitabu, na akifunge kitabu hicho kisha aandike aya moja kwa maneno yake mwenyewe. Atakachoshindwa kukieleza hajakielewa. Baada ya hapo na aanze aya ya pili kwa neno 'lakini', aijibu ile ya kwanza.

Tatu, na ajihadhari na ufasaha usiobeba kitu. Wanafunzi wengi wa Kenya wamelelewa katika insha za kukariri mianzo na kurundika methali, ambapo lugha tamu huweza kuficha ukosefu wa hoja. Hatari hiyo imezidi katika miaka ya hivi karibuni, kwa kuwa zipo programu za akili bandia zinazoweza kutoa kurasa nadhifu kwa muda mfupi sana. Mwanafunzi anayeziachia kazi yote hupata maandishi bila kupitia mapengo yaliyotajwa hapo juu. Siku ya kuitetea tasnifu, maswali ya watahini yatamkuta pale pale alipokuwa kabla ya kurasa hizo kutolewa.

Nne, wahadhiri nao wana nafasi yao. Kazi fupi za kila wiki, zinazorudishwa zikiwa na swali moja la kuchokonoa, hujenga fikra kuliko karatasi moja ndefu ya mwisho wa muhula inayorudi na alama peke yake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa maandishi huihifadhi hoja isiponyoke, huyafichua mapengo yake, na humpa mwandishi mpinzani anapokosa wa kujibizana naye. Mwanafunzi anayengoja mawazo yakomae ndipo aandike ni sawa na anayengoja kujua kuogelea ndipo aingie majini. Sura ya kwanza itakuwa na makosa, na sentensi yake ya mwanzo huenda ikafutwa yote. Hilo si hasara, maana bila ya sentensi hiyo kuandikwa, ile iliyo bora kuliko hiyo isingepatikana.