Sura ya Sita: Ua wa Watoto

Mzazi anayetafuta nyumba mjini huhesabu vyumba kwanza. Huuliza maji hutoka siku ngapi kwa wiki, hutazama paa, huwaza umbali wa shule. Habari ya nje huja mwisho, na mara nyingi huja kwa swali moja tu: gari litakaa wapi? Sura hii inaugeuza mpangilio huo. Tutaanza nje, na mtoto atatangulia gari.

Nimechagua kulieleza jambo hili kupitia Asiatique, mtaa wa Bujumbura ulio kati ya maduka ya katikati ya mji na Buyenzi. Pale na pembeni mwake zimepakana namna tatu za nafasi ya nje, na mtu anaweza kuzipita zote kwa miguu asubuhi moja. Hazikupakana kwa bahati. Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, mwishoni mwa karne ya 19. Wabelgiji wakauteka mji mwaka 1916, na chini ya utawala wao makazi yakagawanywa kwa rangi. Wazungu walijengewa Rohero, nyumba moja moja katikati ya bustani. Waafrika walipangiwa Buyenzi na Bwiza, kwenye barabara zilizonyooka ambazo hata majina hazikupewa, zikapewa namba. Wafanyabiashara wenye asili ya India na Uarabuni wakawekwa baina yao, na jina la mtaa, yaani “wa Waasia”, limebaki mpaka leo. Kwa hiyo kiasi cha hewa na udongo alichopata mtoto wa kila upande kilikatwa na afisa mwenye rula, kabla mtoto huyo hajazaliwa. Uhuru wa Burundi wa tarehe 1 Julai 1962 uliondoa bendera, lakini mipaka ya viwanja haikuondoka, na familia za leo zinalea watoto ndani ya mistari ileile.

Tuzitazame nafasi hizo tatu. Rohero, nyumba imezungukwa na bustani pande zote. Buyenzi, mtaa uliokuzwa na Waswahili wenye asili ya Ujiji, Manyema na kwingineko, kuna nyumba ya Kiswahili: vyumba kulia na kushoto, ushoroba katikati, na mlango wa nyuma unaotokea uani, penye jiko, choo na kamba za nguo. Asiatique, desturi ni duka mbele, makazi nyuma yake au ghorofani, na ua uliofungwa na kuta, stoo na nyumba ya jirani.

Ukimuuliza mtu ipi inamfaa mtoto, atakuonyesha Rohero bila kusita. Mimi sikubali moja kwa moja. Chukua mfano wa kiwanja cha mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600, chenye nyumba ya mita 10 kwa 12 katikati. Zinabaki 480, na kwa hesabu ya karatasi huo ni utajiri. Lakini nafasi hiyo imekatwa vipande: ukanda wa mbele wa maua na lango, kanda mbili za pembeni zenye upana wa mita tano, na nyuma ambako mama aliye sebuleni haoni kitu. Mtoto wa miaka minne hatumwi kucheza mahali asipoonekana, na yeye mwenyewe hapendi kwenda. Sasa chukua ua wa Asiatique wa mita 6 kwa 9. Ni mita 54 tu, lakini ni kipande kimoja, mlango wa jiko unafungukia humo, na nani yuko wapi hujulikana kwa sauti bila mtu kuinuka. Mara nyingi nafasi ya pili ndiyo hulea. Kanuni ya kwanza ya sura hii basi ni kwamba umoja wa nafasi, na jicho linaloifikia, hutangulia ukubwa.

Kwa nini nafasi hiyo lazima iwe mlangoni? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka mitatu hadi minne anahitaji kuuchezesha mwili angalau dakika 180 kwa siku, na katika hizo, angalau 60 ziwe za nguvu, za kukimbia na kuruka. Saa tatu! Hakuna mzazi mwenye duka, au mwenye kazi ya ofisi, anayeweza kumpeleka mtoto uwanjani akamsimamia saa tatu kila siku. Mtafiti Marco Hüttenmoser aliliona hilo kule Uswisi, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1995. Alilinganisha watoto wa miaka mitano wanaoweza kutoka nje peke yao na wale wasioweza kwa sababu ya magari. Waliofungiwa ndani walikuwa nyuma kwa wepesi wa mwili na kwa urafiki, na kupelekwa bustanini na wazazi hakukuziba pengo hilo. Aliyepelekwa hukaa muda mfupi, hushikwa mkono, na hurudi mzazi anapochoka. Mwenye mlango unaotokea uani hutoka na kuingia mara ishirini kwa siku, na dakika zake hujumlishika zenyewe.

Kuna pia suala la macho. Huko Guangzhou, China, watafiti waliziongezea shule kadhaa dakika 40 za kukaa nje kila siku, wakawafuatilia wanafunzi wa darasa la kwanza kwa miaka mitatu. Matokeo yalitoka mwaka 2015: waliopata ugonjwa wa kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4, dhidi ya 39.5 katika shule ambazo hazikuongezewa kitu. Kinachoaminika kufanya kazi ni mwanga wa mchana, ambao nje huzidi ule wa sebuleni mara nyingi mno. Familia inayoishi ghorofani juu ya duka, madirisha yakiwa na mapazia kwa ajili ya vumbi la barabara, ina sababu ya kulifikiria jambo hili hata kama watoto wake hawapendi mpira.

Sasa mita. Vipimo vifuatavyo ni makadirio yangu, nimevijenga kwa michezo yenyewe. Mtoto anayetambaa anatosheka na nafasi ya mkeka mkubwa, mita za mraba nne hivi, mradi iwe mbali na jiko la mkaa, ndoo na pipa la maji. Hapo umbali una uzito kuliko ukubwa: jiko likae upande wa pili wa ua, siyo kwenye njia ya mtoto. Kuanzia miaka mitatu mambo hupanuka. Kuruka kamba kunahitaji mita mbili kwa nne. Mdako na gololi zinahitaji kona tulivu isiyokanyagwa. Mchanga na maji vinahitaji mahali ambapo tope halimkasirishi mtu. Ukiviweka hivyo pamoja, watoto watatu wa umri tofauti wakicheza bila kuumizana, unafika kwenye mita 30, yaani tano kwa sita. Ongeza mita kumi za jiko na za kuanika nguo, kwa sababu kazi za nyumbani haziondoki ati kwa kuwa watoto wanacheza. Jumla ni mita 40. Familia yenye ua wa kipande kimoja wa mita 40 haina upungufu, na haina haja ya kuionea wivu bustani ya mtu.

Angalia kinachozila mita hizo. Gari dogo likiegeshwa linachukua mita mbili na nusu kwa tano, yaani 12.5, karibu theluthi ya ua mzima. Bado hujahesabu njia ya kuingilia, na bado hujahesabu ile hofu ya kila asubuhi gari linaporudi nyuma. Mlaji wa pili ni chumba cha kupangisha. Katika nchi ambayo utafiti wa afya wa 2016–2017 ulikadiria wastani wa watoto 5.5 kwa kila mwanamke, na mji unajaa kila mwaka, kujenga vyumba viwili nyuma ya nyumba ni uamuzi unaoeleweka kabisa. Kodi huingia kila mwezi, na ua hauleti hata faranga moja. Simlaumu anayejenga, huenda kodi hiyo ndiyo ada ya shule. Ninachomwomba ni mpangilio. Vyumba vikae mstari mmoja upande mmoja, vikitazama uani, na katikati ibaki ile tano kwa sita. Wengi hujenga chumba kimoja kona hii, baada ya miaka mitatu kingine kona ile, na mwisho ua unageuka uchochoro. Mita hazikuisha kwa wingi wa vyumba, ziliisha kwa kutawanywa. Isitoshe, watoto wa wapangaji nao wanataka kucheza, kwa hiyo ua unapaswa kukua kadiri vyumba vinavyoongezeka, wakati desturi yetu hufanya kinyume.

Jua nalo lina hesabu yake, na hapa wajenzi wa zamani wa Asiatique wanastahili sifa. Bujumbura iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Saa tatu asubuhi, hasa mwezi Machi na Septemba, huwa limepanda nyuzi kama 45, na kwa pembe hiyo kivuli cha ukuta huwa na urefu sawa na ukuta wenyewe. Ghorofa moja juu ya duka ina ukuta wa mita sita hivi. Basi ua wenye upana wa mita sita, ukiwa umelala kaskazini kwenda kusini kati ya kuta mbili za kimo hicho, umefunikwa na kivuli mpaka saa tatu asubuhi, na hufunikwa tena kuanzia saa tisa alasiri, watoto wanapokuwa wamerudi kutoka shule. Ukuta unafanya kazi ya mti, bila kuchukua nafasi ya mti. Mchana jua likiwa utosini hakuna ukuta unaosaidia, na hapo ndipo mpapai au turubai lina faida. Mwembe ni mti mwema na Bujumbura inaupenda, lakini kwenye ua wa mita 40 utawafukuza watoto kwa mizizi yake kabla haujawapa embe.

Usisakafie ua wote. Mji huu hupata mvua ya milimita 800 hivi kwa mwaka. Kiwanja cha mita 100 kilichofunikwa bati na saruji peke yake kinamwaga barabarani takriban lita 80,000, na Bujumbura inajua maji ya barabarani hufanya nini yakifika kwenye makorongo ya mto Ntahangwa. Nusu ya udongo ikibaki wazi, maji yana pa kuzama na mtoto ana pa kuchimba.

Anayekaa ghorofani bila ua afanye nini? Kibaraza cha juu kinasaidia iwapo ni kipana. Christopher Alexander na wenzake, katika kitabu chao cha mwaka 1977 kiitwacho A Pattern Language, waliandika kwamba kibaraza chenye kina cha chini ya futi sita, yaani mita 1.8, karibu hakitumiki kabisa. Ninawaamini. Kibaraza cha mita moja huishia kuwa stoo ya ndoo. Kwa familia hiyo jibu la kweli liko chini, kwenye ua wa pamoja. Wakazi wakubaliane saa za watoto, na maboksi ya dukani yapangwe upande mmoja.

Hayo yote yanamtosha mtoto mpaka miaka saba hivi. Baada ya hapo hakuna ua wa nyumba unaotosha, hata ule wa Rohero. Mtoto wa miaka tisa anataka kombolela ya watu kumi na mpira wa goli mbili, anataka barabara. Wapo wanaosema ziwa liko karibu. Tanganyika ni neema, lakini ufukweni viboko hupanda nchi kavu jioni na wameshaua watu, na mtoto haachwi huko peke yake.

Inabaki barabara, na tatizo lake ni magari. Mtafiti Donald Appleyard alizichunguza barabara tatu za San Francisco mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwenye barabara yenye magari kama 2,000 kwa siku, mkazi alikuwa na wastani wa marafiki watatu mtaani. Kwenye ile ya magari 16,000 hakufikisha hata mmoja, ilikuwa 0.9. Barabara za Asiatique zina malori yanayoshusha shehena, na za Buyenzi zina mafundi wanaotengeneza magari palepale kando ya njia. Watoto hucheza katikati ya hayo kwa sababu hawana pengine. Miji mingine imelitatua hili kwa vipande vidogo. Amsterdam, kuanzia mwaka 1947, msanifu Aldo van Eyck alibuni viwanja vya watoto zaidi ya 700 kwa muda wa miaka thelathini, vingi kwenye pembe za mitaa na mabaki ya viwanja yaliyokuwa yamelala tu: shimo la mchanga, vyuma vya kupandia, benchi la wazazi. Gharama ilikuwa ndogo.

Burundi tayari ina mazoea ambayo miji mingi haina. Jumamosi asubuhi, saa za kazi za jamii, magari husimama na barabara hunyamaza. Mji unaoweza kusimamisha magari kila wiki kwa ajili ya kufagia na kuzibua mitaro unaweza kufunga avenyu moja ya Asiatique na moja ya Buyenzi kila Jumapili alasiri kwa ajili ya watoto. Inatosha kamba mbili na mzee wa mtaa wa kuzisimamia. Ninawaomba wakuu wa mitaa na manispaa walifanye hilo. Na wewe msomaji, ikiwa fundi anakuja wiki ijayo kuchimba msingi wa chumba cha nyuma, chukua futi ya kupimia leo, weka alama ya mita tano kwa sita mbele ya mlango wa jiko, na mwambie msingi uanzie nje ya alama hiyo.