Sifuri ya maharage inayopotea kabla ya mpaka

Maharage makavu ya kawaida yana namba yake ya forodha: 071333. Ni ileile Namanga, Goma na Bujumbura, kwa kuwa tarakimu sita za mwanzo za mfumo wa HS hutumika karibu dunia nzima. Iandike kwenye jedwali la Excel ambalo halijarekebishwa, nayo itageuka 71333. Kompyuta imedhani umeandika hesabu, na katika hesabu sifuri ya mbele haina kazi.

Forodhani ina kazi kubwa. Tarakimu mbili za kwanza hutaja sura ya bidhaa: 07 ni mboga, 71 ni lulu, vito na dhahabu. Programu iliyotengenezwa kwa uangalifu itaikataa namba yenye tarakimu tano, na lori litasubiri. Iliyotengenezwa kwa haraka huongeza sifuri mwishoni ili zitimie sita, na mwenye magunia ya maharage akajikuta kwenye sura ya vito. Wanaoumia zaidi ni wafanyabiashara wa mazao, maana sura zote zinazoanza na sifuri, 01 hadi 09, ni za vitu kama mifugo hai, nyama, samaki, maziwa, mboga, matunda, kahawa na chai.

Mtego wa pili ni mkato. Aliyesoma kwa Kifaransa Bujumbura au Bukavu huandika tani 12,5 akimaanisha kumi na mbili na nusu. Kenya, Uganda na Tanzania mkato hutenga maelfu. Programu ya Nairobi inayofuta mikato yote kabla ya kukokotoa itasoma tani 125, mara kumi ya mzigo, bila kulalamika hata kidogo. Nyingine hukomea kwenye mkato: 1,500 inakuwa 1.

Tarehe nazo zina vituko vyake. 03/04/2025 ni Aprili kwetu, lakini ni Machi kwa kompyuta iliyopangwa Kimarekani. Afadhali 2025-04-03.

Makosa haya hayaonekani kwenye skrini ya kawaida, kwa sababu Excel hukuonyesha tafsiri yake ya faili, si faili lenyewe. Mwombe wakala wako afungue faili la CSV kwa Notepad, pale maandishi huonekana yalivyo. Kama mfumo wake unatuma data kwa JSON, atazame alama za mtajo: "071333" ndani ya alama hizo ni maandishi na sifuri itabaki, bila alama ni hesabu. Alama hizo pia hufichua nafasi tupu. "Goma" na "Goma " ni miji miwili mbele ya kompyuta.

Kwa maoni yangu, kazi hii ni ya watengenezaji wa mifumo: wapokee kila kitu kama maandishi, wakague, ndipo wageuze kuwa hesabu. Lakini nyanya zinapooza kwenye foleni, hasara si yao.

Kwa sasa, unapomtumia wakala uzito kwa simu, acha tani. Andika kilo 12500, bila mkato wala nukta, kisha mwambie akurudishie picha ya faili kabla hajalituma.