Kobalti Mwilini, Jina Kwenye Daftari: Utangulizi

Taaluma unayoingia, msomaji, inauliza hivi: mfanyakazi akiugua kwa kitu alichokivuta au kukigusa kazini, nani awajibike, na kwa ushahidi gani? Nimependa tuianzie Fungurume, mkoani Lualaba, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kampuni ya Tenke Fungurume Mining ilianza uzalishaji mwaka 2009 chini ya Freeport-McMoRan ya Marekani. Mwaka 2016 China Molybdenum, leo CMOC, ikanunua hisa za Freeport, huku Gécamines ya serikali ikiwa na asilimia 20. Kila mgodi unapobadilisha mmiliki, mwanafunzi wetu aulize kwanza: faili za afya za wafanyakazi ziko kwa nani?

Kiwandani mawe husagwa, kisha shaba na kobalti hutolewa kwa asidi ya salfuriki, inayotengenezwa palepale kwa kuchoma salfa. Hatari ziko njia nzima: vumbi penye kusaga, gesi na ukungu wa asidi, na mwishoni unga wa kobalti unapotiwa magunia. Kobalti huwasha ngozi, huleta pumu, na wengine huachwa na makovu mapafuni. Mwaka 2022 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliiweka miongoni mwa vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu.

Ugumu mkubwa ni muda. Kobalti nyingi hutoka kwa mkojo ndani ya siku chache. Ugonjwa wa mapafu huweza kuchukua miaka. Aliyefanya kazi kwa mkataba wa miezi, kupitia kampuni ya kati, huenda akaugua wakati hakuna anayekumbuka kwamba aliwahi kuingia getini. Mwaka 2021 mashirika ya haki ya RAID na CAJJ yalitoa ripoti kuhusu migodi mitano mikubwa ya huko, yakakuta zaidi ya nusu ya wafanyakazi wameajiriwa kupitia kampuni za kati. Naamini uwajibikaji hupotelea hapa kuliko mahali pengine popote, kwani mlalamikaji asiye na kipimo cha wakati ule hana cha kumwonyesha hakimu.

Kandarasi hizo zinagusa hata barabara. Februari 2019 lori lililopeleka asidi kwenye mgodi wa Mutanda, wa kampuni ya Glencore, liligongana na basi karibu na Tenke; watu wapatao 20 walikufa. Lori lilikuwa la msafirishaji. Je, aliyeagiza asidi anawe mikono?

Kongo imejibu kwa ujasiri: sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 humwajibisha mwenye leseni kwa madhara ya shughuli zake hata pasipo kosa wala uzembe. Na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaruhusu wanakijiji wa Chingola, Zambia, kuishitaki Vedanta, kampuni mama ya mgodi wa kwao, huko huko London.

Lakini sheria hazifiki mbali bila vipimo, ndiyo maana deni letu kubwa ni kwa watafiti kama Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Yeye na wenzake walichapisha mwaka 2009 vipimo vya mkojo: waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodini au viwandani walikuwa na wastani wa mikrogramu 15.7 za kobalti kwa gramu ya kreatinini (kemikali ya mkojo inayotumika kulinganisha vipimo); waliokaa mbali walikuwa na kidogo zaidi. Utafiti wa 2020 mjini Lubumbashi ukaongeza jambo linaloniuma bado: watoto waliozaliwa na kasoro za maumbile walielekea zaidi kuwa na baba anayefanya kazi ya madini. Kwa hiyo sura ya kwanza itakupeleka maabara, kujifunza kupima mkojo na vumbi. Mahakamani tutafika katika sura ya nne.