Mshtakiwa Aonyeshwe Hata Kile Kisichotumika

Kesi ya jinai huonekana kuamuliwa siku mashahidi wanapopanda kizimbani, lakini sehemu kubwa ya uzito wake huwa imeshapimwa kwenye karatasi. Mpelelezi huandika maelezo ya mashahidi, hukusanya ripoti ya daktari na vielelezo, kisha jalada huenda kwa kiongozi wa mashtaka, ambaye huliidhinisha au hulirudisha polisi likiwa na maelekezo. Baadaye wakili wa mshtakiwa huandika barua kuomba nakala. Anachojibiwa, na kile ambacho jibu linakinyamazia, ndicho kinachomwezesha kumtetea mteja wake au kumfanya apapase gizani. Nchini Kenya, Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa mshtakiwa haki ya kujulishwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka unakusudia kuutegemea, na kuufikia ipasavyo. Ni haki kubwa, ila neno “unakusudia” linaacha mwanya. Ushahidi unaomwokoa asiye na hatia kwa kawaida ndio ule ambao upande wa mashtaka haukusudii kuutumia hata kidogo. Kwa hiyo nashikilia kwamba kila jibu kwa wakili wa utetezi liambatane na orodha ya maandishi, yenye tarehe na sahihi ya mpelelezi, inayotaja pia vitu vilivyopatikana katika upelelezi na kuachwa kando.

Mahakama za nchi nyingine zimelipitia jambo hili kwa gharama ya miaka ya watu. Katika kesi ya Brady dhidi ya Maryland, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1963, wakili wa utetezi aliomba aonyeshwe maelezo ya mshtakiwa mwenzake. Alionyeshwa kadhaa, lakini yale ambayo mwenzake huyo alikiri kwamba ndiye aliyeua hakuonyeshwa. Ombi lilikuwepo na jibu likatolewa. Kilichokosekana ni njia ya wakili kujua kwamba jibu lina pengo. Uingereza, Judith Ward alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1974 kwa milipuko ya mabomu, ukiwemo ule wa basi kwenye barabara ya M62 ulioua watu 12. Alikaa gerezani hadi 1992, ndipo Mahakama ya Rufaa ikabaini kwamba polisi, wanasayansi wa upande wa mashtaka na wengine walizuia taarifa zilizopaswa kumfikia. Kanada nayo, katika kesi ya Stinchcombe ya mwaka 1991, Mahakama ya Juu ilisema matunda ya upelelezi hayamilikiwi na serikali ili imfunge mtu. Ni ya umma, yatumike ili haki itendeke. Naona huo ndio msingi wa suala zima. Polisi aliyeandika maelezo ya shahidi alilipwa na umma, na huyo mshtakiwa ni sehemu ya umma.

Kenya haikuhitaji kuazima wazo hili lote. Mwaka 2008, katika kesi ya Thomas Cholmondeley, Mahakama ya Rufaa ilisema upande wa mashtaka una wajibu wa kumpa mshtakiwa, kabla kesi haijaanza kusikilizwa, nyaraka zote zinazohusika, na kwamba ukiona kuna kitu hakifai kutolewa, lazima uieleze mahakama ili iamue. Iliongeza kuwa mshtakiwa halazimiki kuufunulia upande wa mashtaka utetezi wake. Tanzania, kwa kesi zinazokwenda Mahakama Kuu, shahidi ambaye maelezo yake hayakusomwa wakati wa mwenendo kabidhi, yaani hatua ya kuikabidhi kesi Mahakama Kuu, hawezi kuletwa na upande wa mashtaka bila kumpa mshtakiwa au wakili wake taarifa ya maandishi. Sheria zetu, basi, tayari zinajua thamani ya karatasi. Zinachokosa ni kuilazimisha karatasi hiyo itaje na vile vilivyoachwa.

Wapo watakaosema kwamba mashahidi watatishwa. Hofu hiyo ni ya kweli, hasa katika kesi za magenge na za dhuluma za nyumbani, na anayeipuuza hajui jinsi shahidi anavyoishi mtaa mmoja na jamaa za mshtakiwa. Lakini jibu lake limo ndani ya uamuzi uleule wa 2008: kiongozi wa mashtaka aende kwa hakimu, aombe jina lifichwe au waraka ucheleweshwe, na hakimu apime. Kenya pia ina sheria ya kuwalinda mashahidi tangu 2006. Kinachopaswa kukataliwa ni mpelelezi kujiamulia peke yake, ofisini, bila kuacha alama yoyote ya maandishi kwamba kitu kilikuwepo. Wengine watasema mshtakiwa akijua yote atatunga hadithi inayolingana na ushahidi. Huenda akajaribu, ndiyo maana kuna kuhojiwa mahakamani, na hadithi iliyotungwa ina viungo vinavyoachia ikivutwa.

Pingamizi lenye uzito zaidi kwangu ni la kazi. Mpelelezi ana majalada mengi, na simu moja ya mkononi inaweza kubeba ujumbe maelfu kwa maelfu. Mwaka 2017, kesi moja ya ubakaji jijini London ilianguka baada ya utetezi kupata, kwa kuchelewa, rekodi ya ujumbe takriban 40,000 ambayo polisi walikuwa nayo muda wote. Kwangu kesi hiyo inaonyesha kwamba wingi wa nyaraka unaongeza haja ya orodha. Kuorodhesha hakumtaki mpelelezi asome kila neno; kunamtaka aseme simu ipo, imenakiliwa lini, na inahifadhiwa wapi. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Kyles dhidi ya Whitley mwaka 1995, ilimtaka kiongozi wa mashtaka atafute ajue polisi wana nini, asijikinge kwa kusema hakuambiwa. Kenya, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ana mamlaka ya kikatiba ya kumwelekeza Inspekta Jenerali achunguze jambo. Anayeweza kuagiza uchunguzi hashindwi kuagiza orodha.

Linabaki suala la mshtakiwa asiye na wakili, na hao ni wengi. Hana wa kumwandikia barua, na pengine hajui kwamba kuna cha kuomba. Kwa huyo, hakimu mwenyewe aulize, siku ya kutajwa kwa kesi, kama orodha imetolewa, jibu liingie kwenye rekodi ya mahakama, na orodha isomwe kwa lugha anayoielewa kabla shahidi wa kwanza hajaitwa.