Sempaya: Bonde Lichemkalo Chini ya Rwenzori

Wahenga walinena: tembea uone. Nasi askari, ambao kazi yetu hututembeza sana lakini mara chache hutupa nafasi ya kutazama, tuliazimia kuzitumia siku chache za likizo kutembea bila amri ya mtu, tukiwa watalii kama watalii wengine. Tulikuwa watatu: mwandishi wa makala hii, dereva, na sajini mmoja aliyekaribia kustaafu. Safari yetu ilielekea Sempaya, katika Mbuga ya Taifa ya Semuliki, magharibi ya Uganda, mahali ambapo ardhi huchemsha maji usiku na mchana bila kuni wala moto uonekanao kwa macho.

Tuliondoka Fort Portal alfajiri. Kutoka hapo hadi Sempaya ni yapata kilomita 50. Barabara huizunguka ncha ya kaskazini ya milima ya Rwenzori, kisha hushuka kona baada ya kona hadi sakafu ya Bonde la Ufa. Zamani njia hiyo ilikuwa ya udongo, na dereva aliyefika chini salama alimshukuru Mungu. Leo imetiwa lami. Kadiri tulivyoshuka, baridi ya mlimani ilituaga na joto zito likatupokea. Mbele yetu ulitandaa msitu mnene, mwenzi wa ule msitu mkubwa wa Ituri, na ndani yake mto Semliki ukipindapinda kuelekea Ziwa Albert. Ng'ambo ya mto ni Kongo.

MOTO USIOONEKANA

Watu wengi hudhani kwamba Rwenzori ni mlima wa volkeno kama Kilimanjaro. Sivyo. Kilele chake cha Margherita, chenye kimo cha meta 5,109, ni mwamba wa kale ulioinuliwa wakati ardhi ilipopasuka na kufanya Bonde la Ufa. Volkeno zenyewe ziko jirani: yale mashimo yaliyojaa maji karibu na Fort Portal ni makovu ya milipuko ya kale.

Huko Sempaya maji ya mlimani huzama katika nyufa, hushuka chini sana hadi penye mwamba wa moto, kisha hurudi juu yakitokota. Wataalamu walioipima gesi itokayo pamoja nayo wameona dalili kwamba sehemu yake yatoka chini ya ganda la dunia. Na ardhi hii haijalala. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko la Toro liliwaua watu zaidi ya mia moja katika Uganda na Kongo.

MKE NA MUME

Chemchemi kuu ni mbili. Wenyeji huziita ya kike na ya kiume. Ya kike, Nyasimbi, iko karibu na lango la mbuga. Tuliikuta ikibubujika katikati ya uwanda wa mawe meupe, huku mvuke wenye harufu ya kibiriti ukitufunika nyuso. Maji yake yana joto linalokaribia nyuzi 100. Mgeni hutumbukiza mayai ndani ya mfuko, husubiri yapata dakika 10, kisha hula.

Ya kiume, Bintente, yataka mwendo mrefu zaidi msituni. Ni bwawa pana la maji ya moto, upana wake wakaribia meta 12, na mvuke wake huonekana toka mbali. Husimuliwa kwamba mwindaji mmoja aliyekuja na mkuki na mbwa wake alioa katika nchi hii, akaenda kuwinda, asirudi. Mkuki wake ukaonekana hapo. Mkewe alimtafuta, naye akapotea penye chemchemi ya kike. Wenyeji wa Bwamba hupaheshimu mahali hapa mpaka leo.

Kiongozi wetu, kijana wa Bwamba, alituonya tangu mwanzo: "Afande, fuata njia ya mbao. Hapa cheo hakina uzito; mguu ndio wenye uzito." Tuliitikia, kisha tukasahau. Tukitaka kupiga picha nzuri zaidi, tulitoka kwenye mbao hatua moja tu. Ganda jeupe lililoonekana gumu kama sakafu likavunjika, na buti likazama katika matope ya moto. Kijana yule alitushika mkono akatuvuta kabla maji hayajaingia ndani ya buti. Hatukuungua, ila fahari yetu iliungua mbele ya sajini wetu. Askari hufundishwa kwamba asiyetii amri huwaponza wenzake. Siku ile tulikumbuka somo hilo kwa kufundishwa na raia.

MOSHI WA ADUI

Tulipokaa chini ya mti kumenya mayai, sajini alinyamaza muda mrefu akiutazama mvuke. Kisha akasema kwamba hakuwa mgeni wa mahali hapa. Alikuwa kijana jeshini wakati waasi wa ADF walipoishambulia nchi hii na kuuingia mji wa Bundibugyo mwezi Juni 1997. Alfajiri moja, akiwa doria mlimani, aliuona mvuke ukipanda kutoka msituni, akadhani ni moshi wa kambi ya adui. Walilala kifudifudi saa nzima wakiulenga.

Kiongozi wetu hakucheka. Alisema kwamba wakati huo yeye alikuwa mtoto, nao walikuwa miongoni mwa watu zaidi ya laki moja wa wilaya hiyo waliokimbia makao yao. Kambini kuni zilikuwa haba. Mama yake alizoea kusema: "Maji ya Sempaya yachemka bure, nasi hatuna moto wa kupikia uji." Miaka ile watalii walikoma kuja, mbuga ya milima ya Rwenzori ilifungwa tangu 1997 hadi 2001.

Sajini alilimenya yai moja, akaligawa vipande viwili, akampa kijana nusu. Hawakusema zaidi.

TULINDE

Hatuandiki haya ili kumtisha mtu, wala hatutasema kwamba hatari imekwisha kabisa. Mwezi Oktoba 2023 watalii wawili na kiongozi wao Mwuganda waliuawa katika mbuga ya Queen Elizabeth, kusini ya hapa. Amani ni kama ganda lile jeupe: huonekana sakafu, kumbe yataka kukanyagwa kwa uangalifu kila siku.

Lakini faida yake ni kubwa. Mgeni mmoja afikapo Sempaya, kiongozi hupata mshahara, muuza mayai na ndizi hupata fedha. Tena yako mengine yanayongojewa. Jirani zetu wa Kenya huzalisha umeme kwa mvuke wa Olkaria tangu 1981, nayo Uganda imeichunguza Sempaya, iitwayo Buranga na wataalamu, pamoja na Katwe, Kibiro na Panyimur.

Wananchi wengi hudhani utalii ni kazi ya Wazungu. Twawasihi waende wakaone wenyewe kile kilicho chao. Wachukue mayai, na wafuate njia ya mbao.